Mapigo ya Moyo Ukiwa Umetulia: Mwongozo Kamili wa Kurudisha Pumzi Baada ya Miaka Arobaini

Moyo wa mtu mzima aliyetulia hupiga kati ya mara 60 na 100 kwa dakika, na daktari akikuta namba yako imo ndani ya mipaka hiyo atakuambia kwamba huna tatizo. Jibu hilo ni sahihi, lakini halimsaidii sana mtu wa makamo anayetaka kurudia mazoezi baada ya miaka mingi ya kukaa ofisini, dukani au nyuma ya usukani, kwa sababu mwenye mapigo 62 na mwenye mapigo 88 wote wawili huambiwa wako sawa, ilhali hali za miili yao huenda zikatofautiana sana. Kinachofaa ni kuijua namba yako mwenyewe, kuifuatilia kwa wiki na miezi, na kuiacha ikuonyeshe lini uongeze mazoezi, lini upunguze, na lini uende hospitali. Mwongozo huu unamlenga mtu wa kati ya miaka arobaini na sitini ambaye hana maradhi ya moyo yanayojulikana, hana vifaa vya gharama, na anaweza kupata nusu saa yake mwenyewe siku nyingi za wiki.

Kwa nini mapigo hushuka mwili unapopata nguvu

Mwili uliotulia unahitaji takribani lita tano za damu kila dakika. Moyo unaopiga mara 70, ukisukuma mililita 70 kwa kila mpigo, unatoa lita 4.9, na mahitaji yametimia. Mtu anapofanya mazoezi ya pumzi, kama kutembea haraka, kukimbia au kuendesha baiskeli, kwa majuma kadhaa, plasma, yaani sehemu ya majimaji ya damu, huongezeka kwanza; baadaye, na kwa polepole zaidi, chumba cha chini cha kushoto cha moyo huanza kujaa vizuri na kusukuma damu nyingi zaidi kwa mkupuo mmoja; na neva ya vagasi, ambayo mojawapo ya kazi zake ni kuupunguza moyo kasi, huutawala zaidi. Lita tano zilezile sasa hupatikana kwa mapigo machache. Mtu aliyeshuka kutoka mapigo 76 hadi 68 ameupunguzia moyo wake mapigo 11,520 kwa siku moja.

Swali ambalo watu wa makamo huuliza ni kama muda haujawapita. Jibu ninaloliamini zaidi lilitoka katika mji wa Dallas, Marekani. Mwaka 1966 vijana watano wenye umri wa miaka ishirini walilazwa kitandani kwa wiki tatu mfululizo bila kuumwa, ili watafiti waone mwili unafanywa nini na kulala tu. Mapigo yao ya utulivu yalipanda, moyo ukapungukiwa uwezo wa kusukuma damu, na pumzi yao, yaani uwezo wa mwili kutumia hewa wakati wa mazoezi, ikaporomoka. Miaka thelathini baadaye watafiti waliwaita tena wanaume haohao watano, wakiwa sasa wamefika miaka hamsini, huku wastani wa mafuta mwilini ukiwa umepanda kutoka asilimia 14 hadi 28. Walipopimwa ilionekana kwamba zile wiki tatu za kitandani ziliwaondolea pumzi nyingi kuliko miaka thelathini ya kuzeeka. Kisha waliwekwa kwenye mazoezi ya kutembea, kukimbia polepole na kuendesha baiskeli ya ndani, wakianza kidogo na kuongeza taratibu kwa miezi sita hadi kufikia karibu saa nne na nusu kwa wiki, na kwa wastani pumzi yao ilirudi pale ilipokuwa kabla ya kulazwa wakiwa vijana. Uzito wao haukupungua sana. Hilo la mwisho linafaa kukumbukwa na kila anayekata tamaa kwa sababu mzani haujasogea.

Watano ni wachache, na hakuna aliyerudi kwenye kiwango cha juu kabisa alichowahi kukifikia ujanani kwa mazoezi makali. Lakini funzo la miezi sita linatosha kupangia ratiba, na ndilo nililolitumia hapa.

Hatua ya kwanza: jua kama unahitaji kumwona daktari kabla ya kuanza

Kutembea kwa mwendo wa kawaida hakuhitaji ruhusa ya mtu, lakini kuna watu ambao hawapaswi kuanza kukimbia kabla ya kupimwa. Hao ni wenye presha au kisukari, wanaovuta sigara, wenye ndugu wa damu aliyefariki ghafla kwa moyo akiwa bado kijana, na zaidi ya wote wale wanaosikia maumivu au kubanwa kifua wanapopanda ngazi, wanaozimia, wanaoamka usiku kwa kukosa pumzi, au wanaovimba miguu. Kipimo cha presha ni cha dakika mbili na hupatikana hata kwenye zahanati. Presha ikiwa imefika 180 kwa 110, mazoezi yoyote yanasubiri mpaka ishushwe kwa dawa. Omba pia upimwe sukari na kiwango cha damu. Upungufu wa damu ni wa kawaida mno katika nchi zetu, hasa kwa akina mama wenye hedhi nzito, na moyo wa mtu mwenye damu kidogo hukimbia hata akiwa amekaa. Mtu wa namna hiyo anaweza kujilaumu kwa uvivu miezi mizima wakati kinachomsumbua kinatibika. Daktari akiona haja ataongeza ECG, yaani kipimo cha umeme wa moyo, na pengine ECHO, yaani picha ya moyo ya mawimbi ya sauti.

Wanaotumia dawa za presha au za moyo wazitaje kwa majina. Dawa za kundi la atenolol, bisoprolol, carvedilol na propranolol hushusha mapigo kwa makusudi, kwa hiyo namba 58 ya mtu anayezimeza haina maana sawa na namba 58 ya mwanariadha, na hesabu za mapigo nitakazozieleza hapa chini hazimhusu. Yeye aongozwe na pumzi na uwezo wake wa kuongea, wala asizikatize dawa hizo kwa hiari yake, kwani kuziacha ghafla ni hatari.

Hatua ya pili: pima, na upime vizuri

Hapa ndipo panapoharibika mara nyingi. Mtu hujipima mchana baada ya kahawa, kesho yake anajipima usiku baada ya kula, siku ya tatu anaazima kifaa cha rafiki, kisha anazilinganisha namba tatu ambazo hazilinganishiki.

Pima asubuhi unapoamka, kabla ya chai, kabla ya sigara na kabla ya kushika simu. Kama kengele imekushtua, au umelazimika kwenda haja ndogo, rudi ulale na utulie dakika tano kwanza. Geuza kiganja kiangalie juu, kisha weka ncha za kidole cha shahada na cha kati chini kidogo ya kifundo cha mkono, upande wa dole gumba, kwenye kile kibonde kilicho kati ya mfupa na kano. Usitumie dole gumba kupimia, kwa kuwa lina mpigo wake unaoweza kukuchanganya. Bonyeza kidogo tu. Ukibonyeza sana mpigo unapotea. Tazama saa yenye mshale wa sekunde, uhesabu kwa dakika nzima. Wapo wanaohesabu kwa sekunde 15 na kuzidisha kwa nne, lakini ukikosea mpigo mmoja kwa njia hiyo umekosea minne, na sisi tunatafuta mabadiliko ya mapigo matatu au manne. Kaa katika mkao uleule kila siku, maana mapigo ya aliyelala, aliyekaa na aliyesimama hayalingani.

Andika namba hiyo kwenye daftari, na pembeni yake neno moja au mawili juu ya usiku uliopita. Baada ya siku saba zipange namba kuanzia ndogo hadi kubwa, uchukue ile ya katikati. Tuseme wiki ya kwanza imekupa 74, 77, 75, 83, 76, 74 na 75. Ukizipanga, ya katikati ni 75, na hiyo ndiyo namba yako ya kuanzia. Ile 83 iliandikwa asubuhi iliyofuata sherehe ya harusi, bia nne na usingizi wa saa tatu. Ni ya kweli, ila inazungumzia harusi. Faida ya kuchukua namba ya katikati badala ya wastani ni kwamba asubuhi moja mbaya haiivurugi wiki yako.

Ukihesabu utaweza kuona kwamba mapigo huongeza kasi kidogo unapovuta pumzi na kupungua unapoitoa. Hilo ni jambo la kawaida. Lisilo la kawaida ni mapigo yanayorukaruka bila mpangilio wowote, leo na kesho na keshokutwa, ambayo huweza kuwa dalili ya hitilafu ya umeme wa moyo inayoongeza hatari ya kiharusi. Mapigo ya aina hiyo yapelekwe hospitali hata kama huna maumivu yoyote. Vivyo hivyo mapigo yanayobaki juu ya 100 asubuhi nyingi, au yaliyo chini ya 50 kwa mtu asiye mwanamichezo, hasa akiwa na kizunguzungu. Tezi ya thairoidi inayofanya kazi kupita kiasi hupandisha mapigo na kumkondesha mtu, na inayofanya kazi kidogo huyashusha na kumnenepesha. Mapigo ya chini, kwa hiyo, si kila mara sifa. Wanawake walio karibu na ukomo wa hedhi nao husikia moyo ukienda mbio ghafla pamoja na joto la mwili, na mara nyingi hali hiyo hupita yenyewe, ingawa inafaa kupimwa mara moja ili kuondoa shaka.

Mwenye saa janja anaweza kuitumia, mradi aivae kwa kubana kiasi, juu kidogo ya kifundo, kwa sababu taa yake ya kijani husoma damu chini ya ngozi na saa inayocheza husoma vibaya. Ajue tu kwamba saa nyingine hutoa namba ya chini kabisa ya usingizini na nyingine hufanya wastani wa siku nzima. Chagua njia moja, vidole au saa, na usiichanganye na nyingine. Mimi napendelea vidole. Havihitaji chaji.

Hatua ya tatu: fahamu kasi yako ya mazoezi

Kanuni ya kutoa umri wako kwenye 220 ili kupata mapigo ya juu kabisa inajulikana na wengi, lakini nyingine iliyotolewa mwaka 2001 huwafaa zaidi waliovuka arobaini: zidisha umri wako kwa 0.7, kisha utoe jibu kwenye 208. Mtu wa miaka 48 anapata 174. Zote mbili ni makadirio, na mtu anaweza kuwa juu au chini yake kwa mapigo kumi na zaidi bila kuwa na kasoro yoyote.

Mfiniland Martti Karvonen ndiye aliyeonyesha, mwaka 1957, namna ya kuyaingiza mapigo ya utulivu katika hesabu hiyo. Chukua yale ya juu, 174, utoe ya utulivu, tuseme 76; inabaki 98. Mazoezi ya kiasi yako kati ya asilimia 40 na 60 ya hiyo 98, kisha unairudisha ile 76 juu yake. Asilimia 40 inaleta mapigo 115, na asilimia 60 inaleta 135. Kwa hiyo mtu huyu atafanya sehemu kubwa ya mazoezi yake ya miezi sita kati ya 115 na 135. Namba yake ya asubuhi ikishuka hadi 68 arudie hesabu, na atapata 110 hadi 132.

Asiyependa hesabu atumie mdomo. Katika kasi ya kiasi unaweza kuongea sentensi nzima na mwenzako lakini huwezi kuimba. Ukiweza kuimba, ongeza mwendo; ukianza kujibu kwa neno mojamoja, umepita. Kipimo hiki hufanana kwa karibu na kile cha hesabu, na kwa mtu anayefanya mazoezi kwenye joto la Dar es Salaam, Tanga au Mombasa ni bora zaidi. Moyo huko una kazi mbili, kulisha misuli na kupeleka damu kwenye ngozi ili mwili upoe, na jasho linavyotoka mapigo huendelea kupanda hata kama mwendo wako ni uleule. Kasi iliyokupa mapigo 125 saa kumi na mbili asubuhi inaweza kukupa 140 saa nne. Fuata pumzi, uachane na mwendo wa jana.

Hatua ya nne: wiki nne za kwanza ni za kutembea tu

Najua ushauri huu hauwafurahishi wengi, hasa wanaume waliocheza mpira shuleni. Picha ninayoiona mara kwa mara ni ya mtu wa miaka 46 anayejiunga na kikundi cha jogging cha mtaani siku ya Jumamosi. Anapewa fulana, anakimbia kilomita nane nyuma ya vijana wa miaka 25 wanaoimba, na kwa ukweli moyo wake unahimili. Jumatatu anashuka ngazi kinyumenyume. Wiki mbili baadaye kano ya kisigino imevimba, goti linalia, raba zimerudi chini ya kitanda hadi mwaka unaofuata. Sababu ni kwamba damu na moyo huitikia mazoezi ndani ya wiki chache, lakini kano, gegedu na mifupa huhitaji miezi. Kati ya wiki ya nne na ya kumi pumzi inakuambia uko tayari wakati miguu haijawa tayari, na huko ndiko wanakoumia wengi. Vikundi hivyo ni vizuri sana kwa kumtoa mtu kitandani, lakini kaa nyuma na wanaotembea, na kama kikundi hakina wanaotembea, tafuta kingine.

Wiki ya kwanza tembea siku tano, dakika 20 kila siku. Dakika tano za mwanzo ziwe za pole, kumi za katikati ziwe za haraka kiasi cha kuongea bila kuimba, na tano za mwisho urudi kwenye pole. Kila wiki ongeza dakika tano hivi kwenye ile sehemu ya katikati, ili wiki ya nne uwe unatembea dakika 35 na jumla yako ya wiki iwe karibu saa tatu. Hapo, hata ukihesabu dakika za haraka peke yake, umeshakaribia kiwango cha chini cha Shirika la Afya Duniani, ambalo katika mwongozo wake wa mwaka 2020 linamtaka mtu mzima afanye dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya kiasi kwa wiki, au 75 hadi 150 za mazoezi makali, pamoja na mazoezi ya misuli siku mbili au zaidi.

Raba ziwe na soli isiyolika upande mmoja. Bei si hoja. Wanaotembea kabla ya mapambazuko wavae nguo nyeupe au yenye kung'aa, na watembee wakitazamana na magari, kwa sababu bodaboda isiyo na taa huiona ukiwa unaitazama, si ikiwa nyuma yako.

Usitegemee namba ya asubuhi ishuke katika mwezi huu. Inaweza hata kupanda kidogo, mwili unapojifunza kazi mpya.

Hatua ya tano: misuli, kuanzia wiki ya tatu

Kuanzia miaka ya thelathini mtu asiyefanya kazi za nguvu hupoteza kati ya asilimia 3 na 8 ya misuli yake kila baada ya miaka kumi, na misuli ndiyo inayolinda goti na mgongo unapoanza kukimbia. Siku mbili za wiki, zisizofuatana, fanya mazoezi ya nyumbani kwa dakika 20. Kaa kwenye kiti na usimame bila kutumia mikono, mara kumi. Simama hatua moja kutoka ukutani, uweke viganja ukutani na upige pushapu za kusimama, mara kumi. Shika ukuta na unyanyuke kwa vidole vya miguu, kisha ushuke polepole ukihesabu hadi tatu. Hili la kushuka polepole ndilo linaloijenga kano ya kisigino, kwa hiyo usilifanye kwa haraka. Lala chali, kunja magoti, unyanyue kiuno. Mwisho nyanyua ndoo yenye maji nusu kutoka chini, mgongo ukiwa umenyooka na nguvu ikitoka mapajani, na uitue kwa namna ileile. Rudia mzunguko huo mara mbili, baadaye mara tatu. Usibane pumzi unaponyanyua, kwa sababu kubana pumzi hupandisha presha ghafla.

Hatua ya sita: kuanzia wiki ya tano hadi mwezi wa nne

Sasa unaweza kuanza kukimbia, kwa vipande. Baada ya kutembea dakika kumi, kimbia dakika moja kwa mwendo ambao mtu anayetembea haraka angekaribia kukupita, kisha tembea dakika mbili. Rudia mara sita, mara tatu kwa wiki, siku moja ya kutembea ikiwa katikati. Kila baada ya wiki mbili ongeza dakika moja ya kukimbia, ukiona tu kwamba miguu haiumi asubuhi inayofuata. Uchovu wa misuli unaoisha kwa siku mbili ni sawa. Maumivu ya sehemu moja, yanayouma ukiibonyeza kwa kidole, au yanayokufanya uchechemee, ni amri ya kurudi wiki mbili nyuma. Mwenye uzito mkubwa au magoti mabovu asikimbie kabisa, kwani kupanda mlima kwa miguu, kuendesha baiskeli na kuogelea huupa moyo kazi ileile.

Katika kipindi hiki ndipo daftari huanza kulipa. Kwa wengi namba ya katikati ya wiki huanza kushuka kati ya mwezi wa pili na wa tatu, mpigo mmoja au miwili kwa mwezi. Kwa miezi sita kushuka kwa mapigo matano ni matokeo mazuri, na kumi ni mafanikio makubwa. Wanaoanza na 64 hawana pa kushukia pakubwa, nao wasihuzunike. Wanayo njia nyingine ya kujipima: mara moja kwa mwezi, kwa njia ileile na saa ileile, tembea haraka au kimbia dakika 15, simama, hesabu mapigo kwa sekunde 15 na uzidishe kwa nne. Hapa sekunde 15 zinafaa kwa kuwa mapigo yanashuka huku unahesabu. Endelea kutembea polepole, na dakika moja ikitimia hesabu tena. Kadiri tofauti ya namba hizo mbili inavyokuwa kubwa ndivyo moyo unavyotulia haraka. Tofauti isiyofika 12 baada ya zoezi zito, ikijirudia, ni ya kumwonyesha daktari.

Hatua ya saba: siku moja ya kazi nzito

Usiguse hatua hii kabla ya mwezi wa nne. Mwaka 2018 watafiti wa hukohuko Dallas walichapisha matokeo ya watu wa miaka 45 hadi 64 ambao walikuwa wakikaa tu, wakafanyishwa mazoezi siku nne hadi tano za wiki kwa miaka miwili. Ugumu wa misuli ya moyo, unaokuja kwa umri na kwa kukaa, ulipungua, na pumzi yao ikaongezeka kwa asilimia 18. Sehemu ya ratiba yao ilikuwa vipande vinne vya dakika nne. Unapasha mwili kwa dakika kumi, unakwenda dakika nne kwa nguvu kiasi cha kutoweza kuongea zaidi ya maneno mawili matatu, unatembea dakika tatu, na unarudia mpaka vitimie vinne. Kwa mtu wetu wa miaka 48 nguvu hiyo ni mapigo kati ya 148 na 165. Mara moja kwa wiki inatosha. Ifanye kwenye mwinuko kama upo, kwani mlima huchosha moyo bila kuyapiga magoti kama tambarare. Siku nyingine za wiki zibaki nyepesi kama zilivyokuwa. Kosa la kawaida hapa ni kuzifanya zote ziwe za katikati, si nzito wala nyepesi, na mtu akachoka bila kuendelea mbele.

Kuisoma namba inapopanda

Namba ya asubuhi ikiwa juu ya kawaida yako kwa mapigo matano hadi saba, fanya mazoezi mepesi siku hiyo na uangalie kesho yake. Ikiwa juu kwa kumi au zaidi, pumzika, na ujipime joto. Homa hupandisha mapigo, kwa takribani kumi kwa kila nyuzi moja ya joto, na mara nyingine daftari huonyesha kwamba kuna kitu mwilini kabla hujaanza kutetemeka. Kwetu hilo maana yake ni kwenda kupima malaria badala ya kumeza dawa za kutuliza maumivu na kuingia barabarani. Kukimbia ukiwa na homa kunaweza kuuumiza msuli wa moyo, na hakuna ratiba inayostahili jambo hilo.

Sababu nyingine huwa za kawaida: usingizi mfupi, pombe ya jana usiku, maji machache, hasira ya kazini. Kuna pia vitu ambavyo watu husahau kuvitaja, kama mirungi au miraa, vinywaji vya kuongeza nguvu, dawa za mafua za kufungua pua, na dawa ya pumu ya kuvuta aina ya salbutamol. Sigara iko katika kundi lake peke yake, kwani mapigo na presha huanza kushuka dakika 20 tu baada ya kuizima, na anayeiacha kabisa anaweza kuona mabadiliko katika daftari kabla mazoezi hayajafanya kazi yoyote. Anayesafiri kutoka Pwani kwenda Mbeya au Nairobi, iliyo zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, ataona mapigo yamepanda kwa siku chache. Apunguze mwendo mpaka yatulie.

Kuhusu chakula sina mengi. Punguza sukari kwenye chai, jaza nusu ya sahani kwa mboga badala ya kuongeza ugali au wali, na chumvi ya siku nzima isizidi kijiko kimoja cha chai, ikiwemo iliyo ndani ya supu na mchuzi.

Unapolazimika kukatisha

Plasma iliyoongezeka kwa mazoezi huanza kupungua ndani ya siku chache tu za kuacha, kwa hiyo mapigo yatapanda haraka kuliko yalivyoshuka. Usiogope, hurudi. Katika Ramadhani pima unapoamka, kabla ya daku, na utembee katika nusu saa ya mwisho kabla ya futari ili maji yawe karibu. Mazoezi ya misuli yasogee baada ya tarawehe, na vile vipande vinne vizito visubiri Shawwal. Baada ya malaria au mafua mazito usirudi kwa kuhesabu siku tangu dawa ilipoisha. Subiri asubuhi tatu mfululizo zenye namba yako ya kawaida au mapigo mawili juu yake, kisha anza na nusu ya muda uliokuwa ukifanya, kwa kutembea, na uongeze dakika tano kila unapoona namba haijapanda asubuhi inayofuata. Aliyekatisha kwa zaidi ya mwezi mmoja aanze tena na wiki ya tatu, hata kama pumzi inamwambia anaweza zaidi.